UZI: Makadirio ya bajeti ya mkoa na halmashauri yanapatikanaje? Tutumie Dodoma kama mfano

MchumiMstaafu

Wakuu salaam.

Kwenye uzi mmoja wiki hii watu wamebishana kurasa nzima kuhusu halmashauri gani "tajiri" na ipi "masikini" hapa kanda ya kati. Kila mmoja anarusha takwimu yake na hakuna anayeuliza takwimu hiyo imejumlisha nini. Nimekaa idara ya mipango miaka mingi, katika halmashauri ambazo sitazitaja, na nimeona ubishi wa aina hii hadi ndani ya vikao vya madiwani. Msimamo wangu ni huu: jumla ya bajeti haikuambii chochote mpaka ujue kila shilingi imewekwa kwenye kasma (kifungu cha bajeti) gani na ilikisiwa kwa kutumia nini.

Tuanze na mkoa wenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mkoa hapa Tanzania si serikali yenye kodi zake. Kuna Sekretarieti ya Mkoa, ipo kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, na fedha zake karibu zote zinatoka Hazina kupitia fungu la mkoa, yaani namba ya mkoa huo kwenye vitabu vya bajeti. Dodoma ni Fungu 72, Singida ni Fungu 84. Wenye mamlaka ya kutoza ushuru na ada ni halmashauri, kwa Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290. Mkoa wa Dodoma una halmashauri nane: Jiji la Dodoma, Bahi, Chamwino, Chemba, Kondoa Mji, Kondoa Wilaya, Kongwa na Mpwapwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "mapato ya mkoa wa Dodoma", amejumlisha makusanyo ya halmashauri nane ambazo hazifanani hata kidogo.

Fedha ya halmashauri inaingia kwa milango michache. Kuna mapato ya ndani, kuna ruzuku ya Serikali Kuu (mishahara, Matumizi Mengineyo ambayo wote tunaita OC, na miradi ya maendeleo), kuna fedha za wahisani. Mishahara ndiyo inayomeza sehemu kubwa ya ruzuku, walimu na watumishi wa afya wakiwa wengi zaidi. Ukiona halmashauri ya vijijini ina bajeti ya mabilioni mengi, usidhani mkurugenzi ana mabilioni ya kuchezea. Sehemu kubwa ni ya walimu, na haipiti mikononi mwake.

Naendelea kwenye posti inayofuata, nisije nikawachosha.

Nzuguni_Kwetu

Mzee shikamoo. Swali moja tu kabla hujaendelea. Sisi mtaani tunaambiwa wataalamu wanachukua makusanyo ya mwaka jana wanaongeza asilimia kumi, wanapeleka kwa madiwani, kazi imeisha. Kweli au uongo?

MchumiMstaafu

Marahaba. Kweli kwa sehemu, na ndiyo njia mbovu kuliko zote. Mwaka jana ukikusanya vibaya kwa sababu mashine za POS za kukusanyia ushuru zilikuwa zimekufa nusu mwaka, unachukua ubovu ule unaongeza asilimia kumi, unauita makisio.

Njia inayotakiwa ni kuanza na wigo: walipaji wangapi, kiwango gani, na wangapi kati yao utawafikia kweli. Chukua ushuru wa nyumba za kulala wageni, kwa mfano tutumie kiwango cha zamani cha asilimia 10 ya malipo ya chumba. Tuseme kata moja ya mjini ina nyumba 20, kila moja vyumba 10, chumba 20,000 kabla ya ushuru, na kwa wastani wa mwaka vinajaa nusu. Vyumba 200 mara siku 365 mara nusu unapata malazi 36,500. Zidisha kwa 20,000 unapata 730,000,000. Asilimia 10 yake ni 73,000,000. Huo ndio uwezo wa kata ile. Sasa ofisa mapato anakwambia mwaka jana ilikusanya milioni 20. Hapo unajua tatizo si umaskini wa kata, ni vitabu vya wageni ambavyo wenye nyumba wanaandika wanavyotaka.

Na kwa Dodoma lazima uangalie kalenda ya Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, Bunge la bajeti likiwa hapa, chumba kinatafutwa kwa tochi. Ukigawa makisio ya mwaka kwa 12 na kumdai ofisa mapato kiasi kilekile kila mwezi, utamsimamisha kwenye kikao Oktoba bila sababu na kumpongeza Mei bila sababu.

Ushuru wa huduma nao kwa miaka mingi ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa kiwango hicho, duka la jumla lenye mauzo ya milioni 600 kwa mwaka lilidaiwa 1,800,000. Hesabu ni ya darasa la tano. Kazi iko kwenye kujua mauzo halisi, na hapo halmashauri inategemea taarifa za mfanyabiashara mwenyewe au za TRA, Mamlaka ya Mapato.

JichoLaKizota

Chumba kwa tochi hahaha. Wakati wa Bunge hata godoro la ziada sebuleni linalipiwa, na hilo halimo kwenye makisio yoyote 😂

Mkulima_Kibaigwa

Mzee hujagusa mazao. Sisi Kongwa ndiyo tunaowalisha watu kwenye geti la ushuru wa mazao.

MchumiMstaafu

Nilikuwa naelekea huko, na hapa naomba nikae kidogo.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 unaisha Juni 30. Mwongozo wa bajeti unatoka kuelekea mwisho wa mwaka, halmashauri zinaandaa makisio Desemba na Januari, baraza la madiwani linapitisha karibu na Februari. Sasa piga picha: Februari mahindi na alizeti bado viko shambani, wengine ndiyo wanapalilia. Na mavuno hayo hayo, yakishaingia soko la Kibaigwa kuanzia Juni na Julai, ndiyo yatakayolipa ushuru wa mwaka mpya wa fedha. Maana yake unapitisha makisio ya ushuru wa mazao bila kujua kama mvua ya Machi itanyesha.

Ndiyo sababu mtu makini hatumii mwaka mmoja kama msingi. Anachukua miaka kadhaa, mizuri na mibaya, anapata wastani, kisha anaacha nafasi ya kukosea. Asiye makini anachukua mwaka wa neema kuwa ndiyo msingi. Mwaka unaofuata jua likiwaka, makusanyo yanaanguka, na wa kwanza kuumia ni mradi uliopangiwa mapato ya ndani: lile darasa lililofika kwenye lenta linaachwa hapo.

Kumbuka pia viwango vyenyewe vinabadilishwa kutoka juu. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5, na mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa kwenye ushuru. Kwa mkulima ilikuwa nafuu ya kweli, siibezi. Kwa halmashauri inayoishi kwa mageti ya mazao, makisio ya mwaka ule yalilazimika kuandikwa upya.

MhasibuWaZamu

Naongezea kidogo, nipo kwenye fani. Wengi wanachanganya mapato ya ndani yote na yale yasiyolindwa. Mapato lindwa ni kama malipo ya wagonjwa kwenye zahanati na vituo vya afya, michango ya bima, ada fulani za shule. Yanaingia kwenye takwimu ya mapato ya ndani, lakini hayawezi kujenga soko wala kulipa posho za madiwani. Yanarudi kwenye kituo kilichoyakusanya. Zile asilimia za kisheria na za miongozo zinapigwa kwenye yasiyolindwa.

DiwaniMtarajiwa

Hapo hapo mkuu. Tunaambiwa asilimia 40 ya mapato ya ndani iende maendeleo, na halmashauri zenye makusanyo makubwa asilimia 60. Mbona hatuyaoni hayo maendeleo? Nani anakagua?

MchumiMstaafu

Asante MhasibuWaZamu, umenipunguzia kazi.

Diwani, swali lako ndilo linatufikisha kwenye uainishaji, na ndipo ninapotaka kila mtu afungue macho.

Shilingi moja ya matumizi inaandikwa kwa namna zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Chukua lita za dizeli za gari linalosambaza chanjo kwenye zahanati za vijijini. Kwanza inaandikwa nani anatumia: fungu la mkoa, halmashauri, idara ya afya, kituo husika. Pili, fedha imetoka wapi: mapato ya ndani, ruzuku, mfuko wa wahisani. Tatu, kwa ajili gani: lengo, shabaha, shughuli. Wenye kumbukumbu wanajua kwamba lengo A ni UKIMWI na lengo B ni kupambana na rushwa, hayo mawili kila taasisi inayo. Nne, ni kitu gani hasa kimenunuliwa, na hapa tunatumia mfumo wa takwimu za fedha za serikali wa IMF, ambao watu wa fedha wanauita GFS. Kwenye mfumo huo namba zinazoanza na 1 ni mapato, 2 ni matumizi ya kawaida, 3 ni mali na madeni. Ndani ya 2, 21 ni malipo ya watumishi, 22 ni bidhaa na huduma. Dizeli yetu iko 22. Ukijenga zahanati yenyewe, hiyo inaangukia 31, mali zisizo za kifedha kama majengo na ardhi. Mwisho kuna ainisho la majukumu ya serikali, makundi kumi, ambapo 07 ni afya na 09 ni elimu. Dizeli ya chanjo ni 07, dizeli ya mkaguzi wa shule ni 09, ingawa zote mbili zimetoka kituo kimoja cha mafuta.

Sasa rudi kwenye asilimia 40. Hapa kwetu neno "maendeleo" linatokana na upande wa bajeti ambao fedha imepangwa, yaani kitabu cha maendeleo. Kasma ya kiuchumi ni jambo jingine. Mradi uliopangwa upande wa maendeleo unaweza kuwa na ndani yake semina, posho za safari na dizeli, na vyote hivyo kwa GFS ni 22. Ukaguzi unaouliza "je, asilimia 40 imepangwa upande wa maendeleo?" utajibiwa ndiyo. Ukaguzi unaouliza "je, asilimia 40 imefika kwenye 31?" unaweza kupata jibu tofauti kabisa. Wewe ukichaguliwa, uliza hilo la pili kwenye kamati ya fedha, uongozi na mipango, na utake mchanganuo kwa kasma. Watakuchukia kwa muda tu.

Mama_Alizeti

Mimi niko Singida, naomba kueleweshwa kuhusu zile asilimia 10 za vikundi. Kikundi chetu kilikopa tukarejesha. Je hela tuliyorejesha inahesabika kama mapato mapya ya halmashauri?

MchumiMstaafu

Mama, swali lako ni la kitaalamu kuliko unavyodhani.

Sheria inataka asilimia 10 ya mapato yasiyolindwa itengwe kwa mikopo isiyo na riba: wanawake 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2. Utoaji ulisimamishwa Aprili 2023, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa uainishaji sahihi, mkopo si matumizi ya kawaida. Halmashauri imebadilisha fedha taslimu kuwa dai dhidi ya kikundi chenu. Mkirejesha, dai linafungwa na fedha inarudi. Hakuna kilichopatikana kipya. Ndiyo maana marejesho yanatakiwa kukaa akaunti yake na kukopeshwa tena. Halmashauri ikiyaweka kwenye jumla ya mapato ya ndani, kisha ikapiga asilimia 10 tena juu ya jumla hiyo, inahesabu fedha ileile mara mbili na kujisifu kwa makusanyo ambayo hayapo.

Nzuguni_Kwetu

Basi na viwanja je? Maana Dodoma tuliongoza nchi nzima kwa makusanyo enzi zile, watu wakasema viwanja ndiyo vimetubeba.

MchumiMstaafu

Umepiga penyewe. CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyokuwa inasimamia ardhi ya Dodoma, ilivunjwa Mei 2017, shughuli zake na ardhi yake zikaenda halmashauri. Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Serikali inahamia, kila mtu anataka kiwanja, kupima na kuuza kukawa kukubwa, na jiji likaongoza kwa mapato ya ndani. Siwanyimi sifa, upimaji ule ulihitaji kazi.

Lakini kwa GFS, kuuza ardhi si mapato. Ni kuuza mali, unapunguza upande wa 31 na kuongeza fedha benki. Ni sawa na mfugaji anayeuza ng'ombe mzazi akaandika kwamba maziwa yameongezeka. Kiwanja ukishakiuza hutakiuza tena mwakani. Kitakacholipa mwakani ni kile kitakachojengwa juu yake: kibali cha ujenzi, leseni ya biashara, ushuru wa huduma. Na ushuru huo unakuja polepole, maana mtu ananunua kiwanja leo anaanza msingi baada ya miaka.

Kwa hiyo popote pale unapokuta halmashauri imekusanya sana kwa viwanja, tenganisha safu mbili: inayojirudia na ya mara moja. Mishahara ya vibarua, posho, mafuta ya magari ya taka, vyote vibebwe na safu ya kwanza peke yake. Ya pili ijenge soko, stendi, mitaro, vitu vitakavyozaa ushuru baadaye. Ukichanganya safu hizo, mwaka viwanja vikiisha unabaki na matumizi ya kudumu yasiyo na chanzo.

KijanaWaMachakos

Hamjambo ndugu zangu wa Dodoma. Nimefuatilia huu uzi toka mwanzo. Huku kwetu kaunti ni serikali kamili, zina bunge lake na gavana. Katiba ya 2010 inasema kaunti 47 zipate kwa pamoja angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Na sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo. Lakini hiyo ya semina kuwekwa kwa maendeleo hata huku tunaijua vizuri sana. Swali: nyinyi ruzuku yenu inagawanywa kwa kigezo gani?

MhasibuWaZamu

Karibu ndugu. Kwetu hakuna asilimia ya kikatiba. Hazina inatoa ukomo wa bajeti, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) inashusha hadi halmashauri, na wewe unapanga ndani ya ukomo huo. Mishahara inafuata ikama: waliopo, wanaopanda madaraja, ajira mpya zilizoidhinishwa, toa wanaostaafu. Ruzuku ya uendeshaji wa shule inafuata idadi ya wanafunzi: 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 wa sekondari. Afya uzito mkubwa uko kwenye idadi ya watu.

Na idadi ya watu imetuumiza. Sensa ya 2012 Mkoa wa Dodoma ulikuwa na watu 2,083,588. Sensa ya 2022 tukawa 3,085,625. Jiji peke yake lilitoka 410,956 hadi 765,179. Katikati hapo makadirio ya watu yalikuwa yanatembea taratibu wakati watu wanamiminika, kwa hiyo dawa zinapangwa kwa watu wachache kuliko waliopo foleni.

DiwaniMtarajiwa

Nimekusanya takwimu za halmashauri moja toka 2014 niandike makala. Matumizi ya barabara na maji yameshuka ghafla. Nataka kuandika kwamba uongozi ulitelekeza wananchi. Niko sahihi?

MchumiMstaafu

Usiandike kwanza! Julai 2017 barabara za halmashauri zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Mwaka 2019 maji vijijini yakaenda RUWASA, wakala wa maji vijijini. Fedha haikupotea, imehama kitabu. Upande wa mapato nako vivyo hivyo: kodi ya majengo ilichukuliwa na TRA mwaka 2016, na tangu Agosti 2021 tunalipa kupitia LUKU, yaani tunaponunua umeme. Ukilinganisha mapato ya ndani ya 2015 na ya 2018 bila kuondoa kodi ya majengo upande wa 2015, utamlaumu mkurugenzi kwa uamuzi wa Bunge.

Kabla ya kulinganisha miaka, kwanza orodhesha nini kilitoka na nini kiliingia. Kisha chukua vyanzo vilivyobaki vilevile miaka yote, linganisha hivyo. Na angalia unashika safu ipi: makisio yaliyopitishwa, makisio baada ya mapitio ya nusu mwaka, au makusanyo halisi. Kuna makala nyingi mtandaoni zinalinganisha makisio ya mwaka mmoja na makusanyo halisi ya mwaka mwingine.

JichoLaKizota

Na mtu wa kawaida anaviona wapi vitabu hivi? Maana nikienda ofisini naulizwa "wewe ni nani na una barua?"

MhasibuWaZamu

Vitabu vya bajeti ya Serikali viko kwenye tovuti ya Wizara ya Fedha. Cha kwanza ni mapato, cha pili wizara na taasisi, cha tatu mikoa, cha nne maendeleo. Dodoma fungua cha tatu utafute Fungu 72, halafu rudi cha nne fungu hilohilo. Ripoti ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) ya serikali za mitaa inatoka kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni, hiyo ndiyo itakuonyesha makisio na makusanyo halisi. Ngazi ya kijiji na mtaa, mapato na matumizi yanapaswa kusomwa kwenye mkutano mkuu na kubandikwa ubaoni. Hapo huhitaji barua.

Mkulima_Kibaigwa

Mzee la mwisho kwangu. Tulichimba msingi wa zahanati wenyewe, tukaleta mawe, mchanga na kokoto. Kwenye bajeti tumeandikwa wapi?

MchumiMstaafu

Mnaandikwa kama nguvu za wananchi. Mhandisi anatakiwa kukadiria thamani ya mawe, mchanga na siku za kazi kwa bei za eneo lenu, na kiasi hicho kinaingia kwenye gharama ya mradi upande wa michango ya jamii. Hakiingii kwenye makusanyo ya mapato ya ndani, kwa sababu hakuna fedha iliyopita benki wala risiti iliyotolewa. Mkiambiwa mradi umegharimu milioni 80, ombeni mchanganuo muone kama mawe yenu yamo ndani ya hizo 80 kama mchango wenu, au yameandikwa kuwa yamenunuliwa. Na mtunze daftari la mahudhurio ya siku za kuchimba, liwe na sahihi za wajumbe wa kamati ya ujenzi.